Lita Mia Tano na Nne za Bahari

Jumatatu, 2 Juni
Nimerudi kazini hoi, nikamkanyaga wifi. Alikuwa amelala katikati ya sebule, kajifunika vitambaa vya kila rangi. Mama mkwe akaninong'oneza nipite ukutani, mwenzangu ni matumbawe. Matumbawe! Eti atalala hivyo saa sita, kila nusu saa avue kitambaa kimoja mpaka abaki mweupe pe, kwa sababu bahari ikizidi joto matumbawe hupauka. Vitambaa kumi na viwili. Hesabu angalau kaipatia.

Jumamosi atafungua Wiki ya Bahari kwenye ukumbi wa maktaba. Mama mkwe ameshaalika mtaa mzima. Nimezibua mabomba ya mtaa huo miaka kumi na minne, kazi nimejifundisha mwenyewe, na sijawahi kualikiwa hata mtu mmoja aje kunitazama.

Kama kulala sakafuni ni sanaa, basi na mimi ninayo.

Jumanne, 3 Juni
Nimekwenda kwa mkutubi, ndiye mwenye ukumbi. Nikamuuliza sanaa inataka nini. Akasema mwili, muda na hatari kidogo. Nikamwambia hivyo navitumia kila siku chini ya masinki ya watu.

Nikamweleza: tangi la kioo, nimesimama ndani, maji yanapanda kutoka miguuni hadi shingoni huku nikihutubia juu ya bahari. Akaniuliza kwa kunitega kama najua bahari inapandaje. Nikamuuliza kama amewahi kuona hita ya maji isiyo na pa kupumulia. Maji yakipata moto yanatanuka, na juu yake barafu ya nchi kavu inayeyukia humo humo. Alivua miwani. Wifi atalala mbele ya tangi. Ufunguzi ni wangu.

Mama mkwe amesema mabomba yamenipanda kichwani. Sawa. Nataka kitu kimoja tu duniani: Jumamosi anipigie makofi mbele ya watu aliowaalika mwenyewe.

Jumatano, 4 Juni
Hesabu. Tangi sentimita sitini kwa sitini, kazi ya fundi vioo, ambaye choo chake nilikizibua siku ya sikukuu na hajasahau. Mpaka shingoni kwangu sentimita mia moja arobaini. Jumla lita mia tano na nne. Bomba linatoa lita kumi na mbili kwa dakika. Nimelipima kwa ndoo mara tatu. Dakika arobaini na mbili. Hotuba yangu ni dakika arobaini. Akiba dakika mbili.

Jioni nimejaza tangi tupu hadi alama. Dakika arobaini na mbili, bila hata sekunde kuzidi. Nilicheka peke yangu.

Alhamisi, 5 Juni
Bomba atalishika baba watoto. Ni mlinzi wa bohari, mtu wa kufuata amri. Nimemwambia asilifunge kabla ya dakika ya arobaini hata nikipiga kelele, kwa sababu kelele ni sanaa. Akauliza je, nikilia. Sanaa. Je, nikimwita kwa jina. Sanaa kubwa zaidi. Akaandika yote kiganjani kwa kalamu ya wino.

Jumamosi, 7 Juni
Ukumbi ulifurika. Niliingia tangini na gauni la mifuko ya plastiki mia mbili na kumi. Dakika ya ishirini maji yalikuwa yamepita kiuno. Mapema kidogo, nikasema ni furaha yangu. Dakika ya thelathini na nne yalikuwa kidevuni, na mimi ndiyo kwanza nimefika kwenye barafu.

Nikamwambia baba watoto afunge. Akatazama kiganja, akatazama saa, akaninyooshea dole gumba. Nikamwambia sichezi. Watu wakapiga makofi. Nikasimama kwa ncha za vidole, nikamtajia mambo nitakayomfanyia nikitoka, mengine siwezi kuyaandika hapa. Uso ukamng'aa kwa fahari. Mwalimu mstaafu wa mstari wa mbele alikuwa analia.

Ndipo matumbawe yakainuka. Wifi alikwenda taratibu na vitambaa vyake kumi na kimoja, akampokonya kaka yake bomba, akalifunga. Ukumbi mzima ukasimama. Mkutubi akasema hajawahi kuona kitu kama hiki, viumbe vya baharini vikimwokoa binadamu na ujinga wake. Mama mkwe alipiga makofi mpaka saa ikamchomoka mkononi. Alikuwa anamtazama bintiye.

Mimi nilitolewa maji kwa mpira dakika ishirini na sita, watu wakinipiga picha.

Jumapili, 8 Juni
Mezani mama mkwe ameniuliza: ukitia viazi kwenye sufuria iliyojaa maji, maji yanakwenda wapi? Nikasema yanamwagikia jikoni. Akauliza, na wewe mkwe wangu, Jumamosi ulikuwa wapi? Nikasema tangini. Wakacheka wote. Wifi alicheka hadi akaegemea bega langu, akaniambia pole, wifi yangu, alidhani nakufa kweli.

Hiyo ndiyo heshima ya msanii katika nyumba hii. Kiazi.

Jumatatu, 9 Juni
Nimechunguza kitaalamu. Nimejaza tangi tena, tupu: dakika arobaini na mbili. Tangi halina kosa. Bomba halina kosa. Kwa hiyo kosa ni la saa ya baba watoto, inachelewa dakika nane. Nimemnyang'anya.

Mkutubi kapiga simu. Anataka onyesho kubwa, jumba la michezo, familia nzima. Tangi jipya mita moja na ishirini kwa mita moja. Lita elfu moja mia sita na themanini, mabomba mawili, dakika sabini kamili. Ndani tutakuwa mimi, wifi na baba watoto. Hotuba nimeirefusha iwe dakika sitini na nane.

Mama mkwe ameomba mabomba ayashike yeye, tena amesema hatayagusa mtu mwingine. Hatimaye! Machozi yalinilenga. Nikampa saa mpya. Akairudisha, akasema haihitaji, yeye atatazama maji. Nimemwelekeza kwa upole, kama fundi kwa mwanafunzi, kwamba atazame saa tu. Maji yanadanganya.