Mbuzi Wawili wa Kamusi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Madam Wamaitha, msimamizi wa wadi na mkubwa wangu, ameniuliza mbele ya ofisi nzima kamusi yangu ya Kihispania na Kikamba imefika wapi. Nikasema iko karibu. Uongo. Imekwama kwenye cabra, yaani mbuzi. Herufi C! Tangu mwaka juzi! Na Wahispania wanaonunua ndengu wanafika hapa Kyuso Ijumaa ya wiki ijayo. Mimi ndiye niliyemsomea Madam barua pepe yao, ndiyo maana ananiita mtaalamu. Anasema atawakabidhi kamusi hadharani, jina langu likiwa kwenye jalada.

Baba atakuwepo. Hapo ndipo pana maneno. Mzee Nzau aliuza ng'ombe wake wa maziwa nikaenda Uhispania kuchuma stroberi, nikarudi na sanduku moja na lugha. Tangu siku hiyo haniiti Musyimi. Ananiita Mgeni. Mgeni apewe kiti. Mgeni ameshiba? Miaka sita! Hata mbwa wake ana jina. Acha alione langu kwenye jalada, tuone kama hatalisoma kwa sauti.

Jumanne, 4 Februari

Kikwazo ni Kasiva, mwenye hoteli pale stendi. Alifanya kazi za nyumbani Valencia, sasa naye ati anatunga kamusi! Tena haandiki. Anajirekodi kwenye simu akipika chapati, anawatumia wasichana wanaotaka kwenda kufanya kazi huko. Amefika T. T!

Nilimwendea kwa heshima zangu zote. Nikamwambia tuungane: yeye atoe maneno, mimi nitoe jina. Alicheka mpaka chapati ikaungua. Kisha akaniwekea hiyo hiyo iliyoungua kwenye sahani.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepata dawa yake. Kasiva hamsikilizi mtu ila mama yake, Mwaitu Mumbua. Nitamwona Mwaitu. Na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, nitampelekea mbuzi.

Wangapi? Hapa ndipo akili zangu zinapoonekana. Mmoja ni uchoyo. Watatu, hapana kabisa! Watatu ni ntheo, na kila Mkamba anajua ukishapeleka mbuzi wa ntheo kwa kina msichana umeshaposa, hakuna cha kujitetea. Kwa hivyo wawili. Wawili ni salamu tu. Hakuna mtu Kitui nzima anayeweza kuwaelewa vibaya mbuzi wawili.

Jumamosi, 8 Februari

Sijui nianzie wapi. Sokoni nilichagua majike wawili, mmoja amenona ajabu, tumbo hivi! Muuzaji alitaka kuniambia kitu juu yake. Nikamkatiza. Mimi ni mtoto wa mfugaji, sifundishwi mbuzi.

Tukashika barabara ya Tseikuru, mimi na suti yangu. Katikati ya jua kali yule mnene akalala chini. Nikavuta kamba. Nikamgombeza. Nikamwambia aone aibu, mwenzake anatembea. Akanitazama, akalia, halafu, woi! Miguu. Kichwa. Mtoto!

Ningefanya nini? Ningemwacha kichakani aliwe na fisi? Nikamfunika kwa koti nikamkumbatia, nikimwomba Mungu mtoto anyamaze. Alinyamaza njia nzima. Mwaitu Mumbua alipotoka kunipokea, akanyoosha kidole akahesabu mmoja, wawili, na koti langu likalia meee.

Vigelegele! Majirani mbio. Nikaeleza kwamba nilitoka sokoni na wawili. Mwaitu akainua mikono juu, akasema ndiyo, mwanangu, ulileta wawili na Bwana akaongeza wa tatu. Kina mama wa kanisa wakaitika amina. Nikasema huyo mdogo hahesabiki. Wakacheka, wakasema bwana harusi ana haya.

Jumapili, 9 Februari

Mchungaji ametuombea. Mimi na Kasiva. Kwa kipaza sauti!

Baada ya ibada Kasiva alinivuta kando akaniuliza kama nina wazimu. Nikamweleza yote, mpaka tumbo la mbuzi. Mdomo ukamcheza. Nikamsihi arudishe mbuzi. Akasema wewe ndiye uliyeleta, rudisha wewe, uone Mwaitu atakavyolia mbele ya mtaa mzima.

Nimejaribu. Nilienda kuchukua yule mdogo peke yake, ili hesabu irudi wawili. Mwaitu akaniuliza ni baba wa aina gani anayemtoa mtoto kwenye ziwa.  Nikanywa uji, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 11 Februari

Nimempa Kasiva pendekezo la mwisho. Nitatangaza kwamba ilikuwa bahati mbaya, aibu yote niibebe mimi, naye anipe D mpaka T. Akasema maneno yake hayajawahi kufungiwa. Kila msichana wa Kyuso anayo kwenye simu, hata wa kuuza nyanya. Ningeomba tu, angenitumia siku ile ile.

Akasema hukuniuliza, Musyimi. Hujawahi kuniuliza kitu chochote.

Kwa hivyo nimezalisha mbuzi barabarani bure! Sikuomba. Mtaalamu haombiombi ovyo.

Ijumaa, 14 Februari

Wageni wamekuja. Nilikuwa na kamusi yangu, A mpaka cabra, jalada jekundu. Madam aliifungua, akageuza ukurasa, akageuza mwingine, akakuta jalada la nyuma. Akaifunga polepole na kumwita Kasiva. Kasiva akaongea na Wahispania mpaka wakashika mbavu. Nilielewa kila neno: alikuwa anawasimulia kuhusu mbuzi!

Nilikuwa nataka kutoroka. Baba akaja na koti lake la kanisani. Akalipita lile jalada bila kulitupia jicho, akanishika mkono mbele ya wazee.  Akasema, "Musyimi, mwanangu. Nimesikia ulimbeba yule mdogo kifuani." Kisha akafuta macho kwa kofia.

Mimi nikasema asante, nikamwonyesha jalada. Hakuona. Alikuwa anamwita Kasiva aje nimuulize rasmi. Kasiva akaja na birika la chai, akamwambia Mzee kwamba huyu kuleta mbuzi anajua, shida yake ni kuuliza. Akasimama pale, akanimiminia kikombe mpaka juu, akangoja. Nikaomba sukari.

Jumamosi, 15 Februari

Tangu asubuhi baba ananiita Musyimi. Musyimi lete maji. Musyimi kaa hapa. Musyimi, huyo mtoto wa mbuzi umempa jina? Lakini kamusi, hata kuiulizia! Kazi ya miaka yote hiyo! Kuna watu hawana shukrani.

Kasiva naye ameniandikia kwenye simu, ati, Musyimi, huna swali lolote? Nimemjibu sina. Swali gani tena, na kamusi imekufa?

Lakini sijalala. Nimesikia Waturuki wanakuja kununua mbuzi huko Malili. Na Malili kuna mjane mmoja anayejua Kituruki chote, tena nasikia anaishi na mama mkwe mpenda wageni. Nitaenda na salamu. Wawili tu, wasizidi! Nimeshamwona mmoja sokoni. Amenona ajabu, tumbo hivi.