Mapezi ya Shangazi

Jumamosi, 7 Juni

Jambo hili sijamwambia binadamu yeyote: mimi huongea na gari. Si kama mlevi anavyoongea na nguzo. Naongea nalo vizuri, kwa adabu, na nikimaliza naaga.

Gari ni la Baba, lile refu la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Tunaliita Shangazi, kwa sababu ana mwili, ana sauti, na ukimkaribisha kinywaji hasemi basi. Shangazi wa kweli hajui. Mungu ajalie asijue.

Leo mezani Baba katangaza: Shangazi anauzwa. Anakunywa mafuta kupita kiasi. Dada karuka kwa furaha, eti tununue kigari kidogo naye ajifunze kuendesha. Mnunuzi keshampata, mjomba wa rafiki yake, anakuja Jumamosi ijayo. Msaliti!

Mimi sikuulizwa. Na ningeulizwa ningesema nini? Mezani maneno hunikwama kooni kama mfupa. Dada huniita Profesa Kimya.

Lakini asubuhi, Baba akinipeleka shule, mambo hugeuka. Nyumbani Baba ni salamu na gazeti. Ndani ya Shangazi ananiita Mama, ananisimulia alivyofeli hesabu, ananiuliza naogopa nini maishani. Yeye macho barabarani, mimi macho dirishani, hakuna anayemtazama mwenzake, basi maneno yanatoka yenyewe. Kwenye kigari kidogo, Dada kwenye usukani, nitaongea na nani?

Kwa hiyo Shangazi lazima aache kunywa. Na dawa nimeipata. Mapezi!

Jumapili, 8 Juni

Mapezi ni vipande vya plastiki nyeusi, kila kimoja kama kidole gumba. Upande mmoja mwembamba, upande wa pili mpana na mtupu ndani. Unayabandika kwa safu kwenye ukingo wa paa, kwa nyuma. Upepo ukipita juu yake unatulia, hauling'ang'anii gari, injini haihangaiki. Boksi ndivyo lilivyosema, na boksi halina sababu ya kunidanganya. Akiba yangu ya simu yote imebaki dukani. Sijuti!

Walipotoka wote nikapanda kigoda. Nikasugua paa kwa sabuni ya vyombo. Nikalikausha kwa taulo la Dada. Makusudi.

Karatasi ya maelekezo ilisema upande mwembamba utazame mbele. Nimeisoma kwa lugha zote mbili ninazosomea. Zimekosea zote mbili. Mwalimu wa fizikia alituchorea tone la maji linaloanguka: tumbo linatangulia, mkia unafuata. Maumbile hayakosei, watu wa viwandani ndio hukosea. Nikayageuza yote. Matumbo mbele!

Paa liko juu na ukoo wetu ni wa watu wafupi, kwa hiyo hakuna atakayeona. Nimemnong'oneza Shangazi avumilie, uzuri una kazi yake.

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi, mitaani, kimya. Shangazi anateleza kama sabuni. Nilikuwa karibu kujipongeza.

Kisha barabara kuu. Baba akakanyaga mafuta, na Shangazi akapiga mluzi. Mluzi mwembamba, mrefu, wa mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Baba akazima redio. Akaniuliza kama nimesikia. Nikamuuliza kusikia nini. Akapunguza mwendo, mluzi ukakoma. Akaongeza, huo hapo! Njia nzima amesimamisha masikio kama sungura. Hakunisimulia lolote. Hakuniuliza naogopa nini. Na leo ndiyo nilikuwa na jibu!

Jumatano, 11 Juni

Baba kamleta Fundi Sikio, anayeitwa hivyo kwa kuwa hupima injini kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni. Boneti wazi, injini inanguruma, Fundi kafumba macho kama yuko mahubirini. Mluzi hakuna. Utakuwapo vipi na gari limesimama! Mimi nimesimama hatua chache tu, najua uko paani, neno moja lingetosha. Mfupa ukakwama.

Fundi akahukumu kuwa ni feni belti. Akaibadilisha. Baba akazunguka na gari, akarudi, mluzi uleule. Basi ni beringi ya gurudumu, akasema Fundi bila aibu. Dada akadakia kwamba Shangazi anaaga dunia, tumuuze kabla hajakata roho. Baba akafuta mikono, akasema huyo mnunuzi angekuja hata leo angeondoka naye.

Ole wangu! Nilitaka kulizuia jambo, nimelisukuma kutoka nyuma.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango mpya: kuyang'oa.

Boksi lilisema gundi haiachii kwa jua wala mvua. Boksi ni mkweli mno. Nimejaribu kucha, uzi, rula, maji ya moto, mwisho mafuta ya kupikia ya Mama. Paa sasa linang'aa kama kipara cha bwana harusi. Pezi moja limekubali kutoka. Limetoka na rangi.

Mama kauliza mafuta yake yamekwenda wapi. Nikasema sijui. Akanitazama hadi miguuni, akasema katika nyumba hii huyo Sijui ndiye anayemaliza vitu vyote, na leo anatoka jasho.

Ijumaa, 13 Juni

Pengo la pezi lililotoka limeleta sauti ya pili. Sasa ni kwaya.

Lakini ajabu! Ili kukwepa kelele Baba anaendesha taratibu kama amebeba mayai. Lori la mchanga limetupita. Mwenye baiskeli katupungia mkono. Safari imerefuka, Baba kachoka kutega sikio, na kabla ya lango la shule kaniuliza naogopa nini siku hizi. Nikasema: kigari kidogo. Na Dada kwenye usukani. Baba kacheka mpaka kapiga honi. Kisha kapunguza mwendo zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Mnunuzi kaja. Miwani ya jua, sauti ya kutosha watu wawili. Kapiga teke tairi zote kana kwamba zimemkosea. Baba, mtu mkweli, kamweleza juu ya mluzi. Mnunuzi kasema yeye kamiliki malori, mluzi hauwezi kumtisha mwanamume.

Nikawekwa kiti cha nyuma, Baba mbele kushoto kwake, kwa kuwa usukani wetu uko kulia. Mnunuzi akakanyaga. Kwaya ikaanza. Akauliza nani anapiga mluzi humu, akanigeukia mimi. Mimi! Nikabana midomo ili inishuhudie. Akaongeza mwendo, eti aukimbie. Huwezi kumkimbia uliyembeba. Sauti ikapanda, ikapanda. Kwenye njia panda trafiki akashtuka, akadhani mwenzake anasimamisha magari, naye akayasimamisha yote pande zote.

Mnunuzi akaegesha kando. Akamkabidhi Baba funguo kwa vidole viwili. Akasema gari hili lina mwenyewe asiyeonekana. Tulimwomba apande tumrudishe, akasema miguu yake ni mizima. Akatembea!

Dada kanuna tangu mchana. Kununa kumempendeza.

Jumapili, 15 Juni

Habari kuu! Mezani Baba kasema mshale wa mafuta, ambao kila Jumapili huwa umelala chini, leo bado umesimama. Shangazi habanduki hapa. Kigari kisahauliwe.

Dada kapiga kelele kwamba ni kwa sababu wiki hii Baba ameendesha kama konokono. Watu wasiosoma fizikia sibishani nao.

Kisha Baba kafungua gazeti na, akiwa nyuma yake, kasema mafuta ya kupikia si sabuni ya paa, na kwamba siku nyingine Mama yake huyu akitaka kusoma maelekezo, amwite wasome wote. Kafunua ukurasa wa michezo. Basi! Alijuaje? Kigoda nilikisahau kando ya gari wiki nzima, lakini kigoda ni ushahidi gani?

Muhimu ni sayansi. Tumbo mbele, mafuta yamebaki. Imethibitika! Kosa langu lilikuwa moja tu: mapezi machache. Boneti ipo tupu, vioo vya pembeni vipo tupu. Boksi la pili liko chini ya kitanda, nimelinunua kwa hela ya viatu vya michezo; viatu nitaazima. Na Jumatano Shangazi wa kweli anakuja kututembelea na gari lake jipya jeupe, naye analala siku mbili. Siku mbili zinatosha.

Nyayo ukumbini! Kandambili za Dada, na anauliza taulo lake. Habari za gari jeupe nitakueleza kesho. Ukurasa, ingia chini ya godo