Malalamiko Dhidi ya Shavu la Mguu Wangu wa Kulia

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya duka la rangi.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Waendesha Baiskeli wa Masafa Marefu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni baba mkwe wangu,

YAH: KUBANWA NA MISULI KILOMITA YA SITINI, NA YALIYOFUATA

Shikamoo. Shikamoo hii ni ya mkwe kwa baba yake. Yanayofuata ni ya mwanachama kwa mwenyekiti wake, na naomba usiyachanganye, maana mimi mwenyewe nimehangaika wiki tano kuyatenganisha.

Haya ningeweza kuja kuyasema nyumbani kwako kwa mdomo. Nimeshindwa, na ukifika kipengele cha tatu utajua kwa nini. Basi nimeandika, tena kwa kalamu ya wino, si kwa chaki ya kuchorea vitambaa. Nashtaki shavu la mguu wangu wa kulia kama ifuatavyo.

1. Shavu hilo lilinisaliti wakati mimi nilikuwa nimetimiza wajibu wangu wote. Katibu wetu, yaani shemeji yangu muuguzi, alitugawia karatasi ya ushauri wa kuzuia misuli isibane katika safari ndefu. Ushauri ulikuwa na vipengele sita. Karatasi ninayo hadi leo, angalau ile sehemu ya juu, na vyote sita nilivifuata.

Alisema tufanye mazoezi mwezi mzima kabla ya safari. Mimi ni fundi cherehani. Nakanyaga pedali tangu asubuhi hadi jioni, na mwezi ule nilishona sare za shule mia moja na arobaini. Kwa makadirio yangu nilikwenda mbali kuliko mwanachama yeyote, tofauti ni kwamba sikuondoka kwenye kigoda. Tena kwa busara yangu mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, nilishusha kiti cha baiskeli hadi kikalingana na kigoda hicho sawasawa, ili miguu isione ugeni. Nilipima kwa utepe. Nani mwingine chamani amepima kwa utepe?

Alisema tunywe maji kidogo kidogo, yenye chumvi na sukari kiasi. Nilikunywa jagi zima pale pale tulipoanzia, nisije nikalisumbua gari la maji, halafu nikasumbua vichaka tisa. Alisema tule ndizi. Nilibeba kumi na mbili katika mfuko wa mgongoni niliojishonea mwenyewe, mshono wa mara mbili, lakini kufika kilomita ya ishirini ndizi zilikuwa uji na nyuki walikuwa wamejiunga na msafara. Alisema tunyooshe misuli kwa kusukuma ukuta. Niliusukuma wa dukani kila asubuhi, hadi siku moja mteja akadhani unaanguka, akatupa mfuko wake chini na kuja kunisaidia. Niliona aibu kumweleza. Tuliusukuma wote wawili dakika kumi, na hadi leo anasimulia jinsi tulivyookoa jengo.

Alisema tusianze kwa kasi. Baiskeli yangu haijui kasi. Alisema tulale vya kutosha. Nililala vya kutosha hadi mkaniacha, nikawafukuza kilomita nne. Sasa niambie, Mwenyekiti, mguu uliofanyiwa yote haya ulitaka nini tena?

2. Kilima cha kiwanda cha matofali kimewekwa mahali pabaya. Mtu mwenye akili huweka kilima mwanzoni, miguu ikiwa mipya. Sisi tumekutana nacho kilomita ya sitini. Sijui ni nani aliyepanga hivyo, lakini chama kimekaa kimya miaka yote hii.

3. Sasa nafika palipo pagumu, na naomba uvumilie mwandiko.

Katikati ya kilima hicho shavu la mguu lilijikunja likawa gumu kama pasi. Nilianguka ubavu, baiskeli juu yangu, mguu umenyooka kuelekea mawinguni na haukubali kushuka. Wafyatua matofali waliacha kazi wakasogea. Na kwa utaratibu wa chama, mfunga msafara, ambaye kazi yake ni kwenda nyuma ya wote na kuokota walioanguka, alinifikia. Mfunga msafara wetu, kama unavyojua vizuri kuliko mtu yeyote, ni mama mkwe wangu. Ni yuleyule uliyemwambia mara mbili mkutanoni kwamba umri umekwenda, na kwamba siku akisimama njiani mara moja tu, safari inayofuata atakaa ndani ya gari la maji.

Baba, nina miaka tisa katika ndoa hii. Katika miaka hiyo sijawahi kuvua viatu mbele ya Mama bila kwanza kukagua soksi. Nikimpokea kikombe, nampokea kwa mikono miwili. Mama huyo alipiga magoti barabarani, akaushika mguu wangu kwa mikono yake, akauweka begani kwake.

Hata hilo ningelimeza. Lakini Mama ni mkunga mstaafu, miaka thelathini na mmoja katika wodi ya wazazi, na mikono ikianza kazi mdomo nao huanza. Alisema, kwa sauti ya kufika mwisho wa wodi, "Usisukume bado, baba. Pumua. Pumua kwanza."

Nilipumua. Ungefanya nini?

Alisema tena kwamba tunakaribia, kwamba nisiogope, kwamba wengi hupitia hapa. Msuli ulipoachia nilitoa mlio ambao sikuwahi kujua ninao, na mfyatua matofali mmoja akapiga kigelegele.

4. Kutokana na kigelegele hicho, habari zilifika mtaani kabla yangu. Fundi viatu jirani yangu ameniletea soksi ndogo, jozi moja, zimefungwa kwa utepe. Muuza magazeti kila asubuhi ananiuliza mama na mtoto wanaendeleaje. Mteja mmoja alikataa nisimkatie suti siku ile, akisema hawezi kunisimamisha na hali yangu, atarudi nikimaliza siku arobaini. Ni mtu mzima na alisema kwa huruma kabisa.

5. Mguu wa kushoto hauna kosa. Nautaja ili usije ukaonewa.

6. Jumapili tano sasa sijala nyumbani kwenu. Mke wangu anakwenda peke yake, anawaambia nina kazi nyingi, kisha ananiletea sehemu yangu katika bakuli lenye kifuniko. Nakula dukani juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na vifungo. Chakula ni kilekile, Baba, lakini hakipiti vizuri. Hakuna wa kunikatiza maneno na hakuna wa kuniongezea kwa nguvu. Nikifikiria kukaa meza moja na Mama, ambaye ameubeba mguu wangu begani, uso unawaka moto. Naona aibu, na pia nawakumbuka. Hayo mawili yanagombana, na hadi sasa aibu ndiyo inayoshinda.

Kwa kuwa mwanachama hapaswi kulalamika bila kupendekeza, ninaomba yafuatayo. Kwanza, katiba ya chama ifanyiwe marekebisho, kubanwa na misuli kupigwe marufuku, na msuli utakaokaidi upewe onyo la maandishi. Hilo likishindikana, kilima cha matofali kihamishiwe kilomita ya tano. Wenye kiwanda wana makoleo na wana watu. Hilo nalo likishindikana, muhtasari wa safari uandikwe upya useme kwamba kilichoshikwa na Mama siku ile kilikuwa gurudumu la nyuma.

Kama gurudumu litakataliwa, kwa sababu katibu ni mtu mkweli kupita kiasi, basi naomba chama kitamke rasmi kwamba kati ya kilomita ya hamsini na ya themanini Mama si mama mkwe wa mtu yeyote. Awe mfunga msafara tu. Akivuka kilomita ya themanini arudi ukweni.

Na kama mamlaka ya chama hayafiki huko, naomba kama njia ya mwisho kabisa ndoa yangu isimamishwe siku ya safari, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kisha iendelee kama kawaida. Mke wangu amekisoma kifungu hiki. Aliuliza kama na yeye anaruhusiwa kuchagua siku zake.

Naamini utalipima shauri hili kwa haki, bila kutazama kwamba mshtakiwa ni mguu wangu, shahidi ni mkeo, katibu ni binti yako na mlalamikaji amemwoa binti yako mwingine.

Msalimie shemeji muuguzi, umwambie ushauri wake wa vipengele sita una walakini. Msalimie dereva wa gari la maji. Wasalimie wafyatua matofali wote, isipokuwa mmoja, anajijua. Mama msalimie kwa mbali.

Ni mimi mkweo na mwanachama hai, mwenye miguu miwili isiyoelewana,

Fundi Pindo.

Nyongeza:

Nilikuwa nimeshalamba bahasha Mama alipoingia dukani. Alileta suruali yake ya baiskeli imechanika gotini, mahali palepale alipopigia magoti barabarani. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Yeye hakunitazama. Alitazama baiskeli yangu mlangoni, akaizunguka mara moja, akauliza, "Mwanangu, hapa huwa unaendesha au unakamua ng'ombe?"

Aliomba spana. Alikipandisha kiti mwenyewe, vidole sita. Wakati huo mimi natafuta karatasi ya kuchorea umbo la kiraka cha suruali yake, yaani kielelezo, nikakutana na kielelezo cha ukosi wa mtoto nilichokata mwezi ule wa sare. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wa shemeji: *7. Muhimu kuliko vyote. Kiti kikiwa chini mno misuli itabana, hata ufanye mengine yote.* Kwa hiyo shemeji hana walakini, na salamu zangu kwake zirekebishwe.

Nimeendesha hadi kilima cha matofali na kurudi. Shavu la mguu halikusema neno. Naliondolea mashtaka.

Nilipomrudishia Mama suruali nilimwomba radhi kwa ule mguu. Akasema, "Ulipoanguka nilimshukuru Mungu. Wangu ulikuwa umebana tangu darajani, na baba yako alikuwa anageuka geuka kunitazama. Nilipiga magoti kwako nikapumua na mimi."

Basi, Baba, zile pumzi zilikuwa za wawili. Naomba barua hii ichanwe, na kubanwa na misuli kusipigwe marufuku kabla Mama hajapumzika vya kutosha. Amenisihi sana nisikwambie habari ya mguu wake, kwa hiyo ukifika hapa jifanye hukusoma, na hilo gari la maji libebe maji.

Jumapili nakuja kula. Msiniwekee kiti kifupi.