Kiu ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Nina furaha kubwa kutangaza, kwa niaba ya Idara ya Homa ya Majani ambayo mimi ni Kaimu Naibu Mkurugenzi wake, kwamba kiu ya mazao imekwisha. Imekwisha rasmi. Mmea wowote utakaoonekana umenyauka kuanzia sasa unafanya hivyo kwa hiari yake.

Msidhani tumekurupuka. Sayansi yetu inaeleweka hata kwa mtoto wa chekechea. Jani lililoshiba maji hutoa jasho, likapoa. Jani lenye kiu huacha kutoa jasho, likapata joto. Basi tunarusha kamera ya joto angani, inapita juu ya shamba na kusoma joto la majani bila kuyagusa. Joto likivuka nyuzi thelathini, mashine inaliarifu lango la mfereji, na lango linafunguka lenyewe. Tumeondoa upendeleo, tumeondoa rushwa, na tumemwondoa mlinzi wa lango, aliyekuwa na tabia mbaya ya kuwasikiliza wakulima.

Kamera hurushwa saa kumi na mbili asubuhi. Wapo wachokozi wanaosema jani hupimwa jua likiwa la utosi, kwa sababu alfajiri hata mmea unaokata roho huwa wa baridi. Ni kweli kabisa. Lakini Mkurugenzi wetu hapatani na jua, na ikifika saa tatu gari la idara lina safari ya kumpeleka mkewe saluni. Sayansi lazima iheshimu ratiba. Na matokeo yanajieleza: tangu tuanze hatujapata jani hata moja lenye kiu.

Aliyetaka kutuharibia sifa ni shangazi yangu mwenyewe. Aliingia ofisini bila kubisha hodi, khanga imejaa vumbi, mkononi ana jani la hindi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mahindi yangu yanakufa."

"Hayafi, shangazi. Leo asubuhi yalikuwa nyuzi kumi na nane. Yana afya kunishinda mimi."

Akaliweka lile jani mezani. Lilikuwa limejikunja kama mkeka. "Hii ndiyo afya?"

"Huenda limejikunja kwa baridi."

"Ebo! We mtoto, umesoma mpaka ukapitiliza? Mahindi yanatoa mbelewele wiki hii. Yakikosa maji sasa hayabebi punje, nitavuna mabua matupu. Wajukuu niwalishe nini, ripoti yako? Njoo na hicho kidude chako saa sita mchana uone."

"Saa sita idara inakuwa imefunga macho, shangazi."

Akasonya msonyo mrefu, wa kutoka tumboni. Uliniuma. Huyu ndiye aliyenilea, na lile shamba ndilo lililonisomesha. Lakini uchungu si kipimo kinachotambuliwa na idara, nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Siku mbili baadaye Mheshimiwa Waziri akaja kuzindua Ripoti ya Mwisho wa Kiu. Mkurugenzi alitaka picha za shambani, na shamba lililochaguliwa ni la shangazi, kwa kuwa liko kando ya lami na viatu havitachafuka. Tukapanga meza kuu katikati ya mistari ya mahindi, viti saba vyenye mito, zulia jekundu chini. Shangazi alitazama tu. Alijua mvua iko mbali, na mimi nilijua anajua.

Saa kumi na mbili kamili, wakubwa wameketi kwenye baridi, waandishi wa habari wamejipanga, kamera ikapaa. Fundi wake akasogea kwenye kipaza sauti asome matokeo.

"Shamba zima, nyuzi kumi na nane."

Makofi.

"Isipokuwa..." Akakodolea kioo macho. "Ipo mimea saba hapa katikati. Nyuzi thelathini na tatu. Huu mmoja wa duara, unaong'aa, umefika thelathini na tano. Kiu kali."

Kipara cha Waziri kiling'aa palepale kilipo. Kutoka upande wa mfereji tukasikia lango likilia kriii.

"Nini hicho?" Waziri akauliza.

"Maji, Mheshimiwa," nikasema.

"Ya nani?"

"Yako, Mheshimiwa."

Mkurugenzi akaruka. "Funga lango!"

"Halina mpini, bosi," fundi akajibu. "Uliamuru tuung'oe ili tusishawishike. Litajifunga hiyo mimea ikishapoa."

Maji yakaingia kwa raha zake, yakapita chini ya zulia, yakapanda viatu. Waziri akainuka aondoke, na waandishi wote wakainua kamera zao. Mkurugenzi akamnong'oneza, jasho likimtoka: "Mheshimiwa, ukitoka, mashine itakuwa imekosea. Mashine ikikosea, ripoti imekosea. Na ripoti umeshaitangaza redioni."

Waziri akaketi. Akatabasamu. Soksi zikalowa.

Shangazi akaja na jembe begani, suruali ya marehemu mjomba imekunjwa magotini. "Karibu sana, baba. Tulia hivyohivyo. Wala usione haya, kiu humpata yeyote."

"Mama, mimi sina kiu."

"Na mahindi yangu nayo niliambiwa hayana," akasema, akaenda kufungua vijaruba ili maji yafike mpaka mstari wa mwisho. Loo, yule mama alicheka! Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu kiangazi kianze. Waziri alikaa mpaka shamba zima likanywa likashiba, na alipopiga chafya ya tatu ndipo lango likajifunga.

Habari ilienea upesi. Wakulima walifuata utaratibu, kila mmoja akaomba kwa heshima zote mgeni rasmi wa alfajiri. Waziri hakuwa na pa kutokea: kukataa kungemaanisha kukosoa ripoti yake mwenyewe. Akakaa kwenye maharage. Akakaa kwenye nyanya. Kwenye mpunga alikaa na mwavuli, sijui wa nini.

Hatimaye akanipigia simu, sauti imekauka kwa mafua. "Kijana, badilisha kanuni. Pimeni mchana, jua likiwa la utosi. Pimeni majani! Niacheni mimi!"

Nikapeleka taarifa hiyo njema kwenye mkutano wa wakulima. Nilitegemea vigelegele. Walinong'onezana, kisha shangazi akasimama kwa niaba yao.

"Tunashukuru," akasema, "lakini tumeshamzoea. Kidude chenu betri huisha. Waziri hapoi."

Wakapiga kura. Kesho anakaa kwenye vitunguu.