Walsi Yangu Inayokwama kwenye Skrini Nzima

Holguín, Kuba, Jumanne, umeme ukiwapo

Kwa Ndugu Idalmis Cepero,
Msimamizi wa Klabu ya Kompyuta ya Mtaa

Ndugu Msimamizi,

YAH: LINUX MLIYONIWEKEA INAVYOIVUNJIA HESHIMA MIGUU YANGU

Natumai u mzima na kiyoyozi cha klabu kimepona. Mimi ni Eleuterio Pupo, kinyozi wa pembeni mwa bustani, yule ambaye kompyuta yake mliisafisha virusi mkaiwekea mfumo wa Linux bila kunitoza kitu. Nashukuru. Virusi kweli vimekwisha, ila ustadi wangu wa kucheza umeondoka navyo.

Binti yangu Daylín alipotimiza miaka kumi na mitano mwaka jana, tulifanya kama kila mtu: gauni la kukodi, keki ya buluu, na baba kufungua dansi kwa kucheza walsi na binti yake mbele ya mtaa mzima, kamera ikirekodi. Mwisho wa mwezi huu ni zamu ya mpwa wangu Leyanis. Baba yake yuko Miami na hawezi kuja, kwa hiyo walsi ni ya mjomba, yaani mimi. Niliahidiwa tangu mtoto anatambaa. Jumapili nikamwalika dada yangu Xiomara, mama yake Leyanis, na majirani, waje na viti vyao, waitazame video ya Daylín wajue wamepata mchezaji wa namna gani. Yaliyotokea ndiyo haya:

1. Video ikiwa kwenye kidirisha kidogo, inatiririka kama mafuta, na mimi ndani yake nacheza vizuri sana. Xiomara alinung'unika kwamba nina ukubwa wa punje ya maharage na miguu haionekani, lakini hilo ni suala la macho yake.

2. Nikabonyeza kitufe cha skrini nzima. Hapo, ndugu Msimamizi, nikaanza kukwama. Mguu unainuka, unasita hewani kama unaomba ruhusa, kisha unatua pengine kabisa. Muziki ukawa unaendelea bila mimi. Sebule ilicheka mpaka kiti cha mtu kikavunjika. Xiomara akaniuliza, "Kaka, hapo unacheza au unaua mende?"

3. Nikaeleza kitaalamu kwamba ni kompyuta inayoruka picha, siyo mimi. Roelvis, tarishi wa posta, ambaye kwa bahati tu alikuwa ameketi karibu na dada yangu, akasema kwa upole, "Sawa, bwana, lakini mbona Daylín hata akikwama anapendeza?" Naomba klabu itoe jibu la kisayansi.

4. Nilitafuta ushauri kwa watumiaji wengine wa Linux. Ni watu wema kupita kiasi. Wa kwanza alisema nibadilishe kiendeshi cha kadi ya picha. Wa pili akasema wa kwanza hajui kitu, nifute Linux hii niweke nyingine. Wa tatu akataka kujua mtu mzima anatafuta nini kwenye skrini nzima. Niliandika amri zao zote kwenye lile dirisha jeusi, na picha ikageuka miguu juu kichwa chini. Nakiri kwamba nikiwa kichwa chini nilicheza vizuri kidogo.

5. Wewe mwenyewe ulinishauri kwa simu nizime mapambo: vivuli, na yale madirisha yanayotikisika kama pudini ya flan mtu akiyaburuta, eti yanaila nguvu kadi ya picha. Ndugu yangu, hilo haliwezekani. Kompyuta naibeba kila siku hadi kazini, na wateja wangu wanakuja kutikisiwa dirisha. Kunyolewa wangeweza kunyolewa popote, na afadhali.

6. Matokeo yake, Xiomara amempa Roelvis walsi yangu. Jana wameanza mazoezi. Leyanis alinifuata kazini, akasimama mlangoni akaniambia, "Mjomba, mimi nilikutaka wewe. Mama anasema utaniangusha." Mteja aliyekuwa kitini aliondoka amenyolewa upande mmoja.

Kwa sababu hizo naomba klabu inipe cheti chenye muhuri, kikithibitisha kwamba miguu yangu ni mizima na hitilafu ni ya skrini. Kisomwe kwenye sherehe kabla ya keki. Mkikosa muhuri, basi Roelvis naye arekodiwe, aonyeshwe skrini nzima kwenye kompyuta yangu, tukwame wote kwa haki. Na hilo likishindikana, wageni wakalishwe upande wa pili wa bustani, watutazame tukiwa na ukubwa wa maharage, ambao ndio ukubwa wangu mzuri.

Nisalimie wote hapo klabuni, na mama yako na goti lake, na mumeo ambaye nywele zake zimekuwa ndefu mno.

Wako katika kukwama,

Eleuterio Pupo Marrero,
Kinyozi

Baada ya kutia sahihi: Daylín amerudi kutoka shule, ameisoma barua hii, amezima mapambo yote bila hata kuniuliza. Video sasa inatiririka kwenye skrini nzima. Tumemwita Xiomara, amekuja na Leyanis, tumeitazama yote. Hakuna picha hata moja iliyoruka. Anayekwama ni mimi tu. Dada yangu safari hii hakucheka. Alinishika bega, na hilo lilikuwa baya zaidi. Leyanis ndiye aliyesema: "Mama, tazama Daylín anavyocheka hapo kwenye video. Na mimi nataka kucheka hivyo." Xiomara akaniambia mazoezi ni kesho saa kumi na moja, nije na viatu laini, kwa usalama wa mtoto. Kwa hiyo cheti sikihitaji tena. Naomba tu unielekeze namna ya kuifanya video ikwame upya, maana ya Leyanis nayo itarekodiwa, na majirani watakuja na viti vyao.