Stelingi Nzito Mbele ya Mama Mkwe

Jamani wenzangu, leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya mama mkwe. Nimekimbilia hapa intaneti kafe niwaandikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa mtaani kwetu Msamala, maana wale wataongeza chumvi.

Saa mbili asubuhi nilifuata kigari changu gereji. (Ndiyo, kilekile cha mtumba kutoka Japani. Msianze.) Fundi Beno alikuwa ameshafunga reki nyingine ya stelingi, kile chuma kinachogeuza magurudumu. Sasa mimi mafundi siwaamini hata kidogo! Tangu biashara iachiwe huru, spea zinauzwa kila kona, na nyingine ukiziangalia vizuri ni zako mwenyewe. Kwa hiyo gereji huwa naenda na kiroba. Kinachofunguliwa kwenye gari langu, kiwe kibovu au kizima, kinarudi nyumbani na mimi.

"Bado kidogo tu, mzee," Beno akasema. "Ninywe chai, nikirudi namalizia."

Bado kidogo! Bado kidogo ya mafundi nani asiyeijua? Misa ilikuwa saa nne, Peramiho. Shemeji yangu alikuwa anaweka nadhiri za usista, na mama yake, ndiye mama mkwe, alishavaa kitenge kipya ananisubiri kituo cha basi hapo mbele ya gereji. Nikaokota vyote vilivyokuwa chini, nikavitia kwenye kiroba, kiroba kwenye buti. Nikafunga boneti mwenyewe, nikaondoka, nikampakia mama mkwe.

Stelingi ikawa nzito ajabu! Na mama mkwe alitaka kupanda basi dogo, mimi ndiye niliyemkataza. "Mama, gari langu unazungusha kwa kidole kimoja," nilimwambia jana. Leo nilizungusha kwa mikono miwili, mabega na meno. Kona ya kwanza ikanishinda. Tukaenda moja kwa moja kuelekea meza ya muuza nyanya, tukasimama imebaki hatua moja. (Nyanya zilipona. Heshima yangu haikupona.)

"Baba Neema," mama mkwe akauliza kutoka nyuma, "hicho kidole ni kipi?"

Damu ikanichemka. Nikarudi gereji.

"Mwizi wee! Umenifungia reki mbovu, nzima umeuza!" Nilipiga kelele mpaka watu wakajaa.

Beno alimsalimia mama mkwe kwanza, "Shikamoo, mama." Akafungua boneti, akaangalia oili ya stelingi: imejaa. "Labda imeingia upepo." Akapiga jeki mbele, akawasha gari, akazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Nzito vilevile. Mimi nimemsimamia kichwani: "Sema umemuuzia nani!" Akarudi kwenye boneti, akainama mpaka chini kabisa.

"Mzee, mkanda wa pampu ya stelingi uko wapi?"

"Mnaona? Na mkanda ameiba!"

"Niliuvua nikauweka hapa chini. Niliporudi kutoka chai sikuukuta, nikajua umeufunga mwenyewe. Ndiyo ile bado kidogo niliyokwambia."

Hapo nikaanza kuelewa. Naelewa polepole, lakini mama mkwe ana haraka. Akashuka, akafungua buti, akashika kiroba kwa chini, akakimwaga mbele ya watu wote. Reki kuukuu. Boliti. Mipira iliyopasuka. Na juu yake mkanda, mzima kabisa.

Gereji nzima ikaangua kicheko.

Beno alifunga ule mkanda haraka tu, wala hakunitukana (afadhali angenitukana). Nikashika mlango wa dereva. Mama mkwe akanisogeza kwa kiwiko.

"Baba," akamwambia Beno, "kuendesha unajua? Basi nipeleke wewe. Nataka nimwone mwanangu leo."

Ndivyo tulivyokwenda Peramiho. Beno kwenye usukani, mama mkwe kando yake, mimi siti ya nyuma na kiroba mapajani. Na kona zote, jamani, ZOTE, alizikata kwa kidole kimoja!

Misa tuliiwahi. Anayetaka kucheka acheke leo amalize, maana Jumapili mama mkwe anakuja kula kwangu, na aliyemwalika fundi ni yeye.