Tapeli Aliyepiga Simu Kutoka Stoo

Jumatatu, 6 Mei

Kikao cha asubuhi. Meneja amesema matapeli wanawapigia wateja wetu simu wakijifanya ni sisi. Wanasalimia kwa adabu kuliko sisi wenyewe, wanaomba namba ya siri, wanapewa. Tawi letu la benki linataka mwalimu wa wateja. Atapewa meza yake karibu na mlango, na kile kiti cha kuzunguka alichoacha mkaguzi. Uamuzi ni Ijumaa.

Nimekitazama kiti. Kinanifaa.

Mpinzani ni mmoja tu, dada wa dirisha la pili. Humu nitamwita Dirisha la Pili, maana jina lake linanipandisha presha. Mimi niko la tatu. Meneja alinipa nitunge onyo la kuambatana na namba za kuthibitisha zinazotumwa kwenye simu za wateja, nikatunga pale pale: Namba hii ni yako peke yako, usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka benki. Makao makuu wamelipokea. Mke wangu amesema ni sentensi ya kawaida. Wivu huo.

Jumanne, 7 Mei

Nimetoa somo mbele ya foleni. Nilianza na historia ya utapeli. Mzee mmoja akauliza kama nikimaliza atahudumiwa au arudi kesho.

Dirisha la Pili hakutoa somo lolote. Kila mteja akifika kwake, anamwomba kwa sauti tamu amtajie namba ya siri ili amsaidie haraka. Mteja akifungua mdomo, anagonga kioo na kumwambia ameshaibiwa. Foleni nzima inacheka, na walio nyuma wanajifunza kabla hawajafika. Mama mmoja alipanga foleni mara ya pili ili naye aombwe, akatae. Mchezo wa kitoto. Meneja alicheka mpaka akavua miwani.

Jumatano, 8 Mei

Mpango! Nimenunua laini mpya. Nitawapigia wateja nikijifanya tapeli, wanase, kisha Meneja aone kwamba vichekesho vya Dirisha la Pili haviwaingii watu. Nimetafuta kasoro katika mpango huu hata nilipokuwa naoga. Hakuna.

Nimeanza na fundi cherehani anayenishonea suruali, kwa kuwa namba yake ninayo. Niliandaa sauti nzito. Alipopokea tu, mdomo ukaenda wenyewe: habari za leo, karibu sana, tukusaidie nini? Hayo ndiyo madhara ya kukaa dirishani miaka yote! Akafurahi mno. Akasema kadi yake imemezwa na mashine ya pesa na hajui aanzie wapi. Nikajikuta namweleza aje na kitambulisho, aje asubuhi, fomu zipo kushoto. Akaniombea dua ndefu, akakata.

Sijapata namba ya siri. Lakini nimelala vizuri, sijui kwa nini.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimerudi nyumbani nikiwa na shabaha rahisi: mama mkwe. Yuko kwetu tangu atibiwe macho, na akaunti yake iko tawini kwetu. Juzi alihudumiwa na Dirisha la Pili, na tangu hapo anamsifia mezani mbele yangu. Akinasa yeye, kiti ni changu.

Nikajifungia stoo, kati ya ndoo na godoro la wageni, nikampigia. Nikasema natoka makao makuu, akaunti yake inafungwa leo, anitajie namba ya siri upesi. Akajibu kwa upole kwamba yeye mambo haya hayajui, ila mkwe wake ni mtu wa benki, ngoja amwulize. Kisha akaita. Nilimsikia kwenye simu, na nilimsikia nyuma ya mlango.

“Mkwe! Kuna mtu wa benki anataka namba yangu ya siri. Nimpe?”

Hapo nikatoka jasho. Nikinyamaza, atakuja kunitafuta. Nikisema ampe, nimekuwa mwizi ndani ya nyumba yangu, na mke wangu yuko jikoni anasikia kila kitu. Nikaikandamiza simu kwenye godoro, nikajibu kwa sauti yangu kwamba asimpe. Akarudi kwenye simu kuniarifu kwamba mkwe amekataa. Nikasema kwa sauti nzito kwamba huyo mkwe hajui kazi.

“Mkwe! Anasema hujui kazi!”

Nikajibu kwamba naijua sana. Nilikuwa na hasira ya kweli. Nikapiga teke ndoo bila kukusudia, na ilisikika pande zote mbili. Akamtakia tapeli siku njema, akakata.

Mezani mama mkwe alinisogezea kipande kikubwa cha nyama. Akasema mtu anayejibu kwa niaba ya watu wawili anahitaji nguvu. Mke wangu alikuwa anakohoa ndani ya kikombe. Sijaelewa walichokuwa wanakiona cha ajabu.

Ijumaa, 10 Mei

Mama mkwe alifika tawini kabla yangu, ameshairipoti namba iliyompigia. Laini yangu mpya ilifungiwa kabla ya chai. Meneja akanipa tangazo nibandike mlangoni: Jihadharini na tapeli wa namba hii. Nikabandika. Limenyooka, kwenye kubandika sina mpinzani.

Fundi cherehani akaja na kitambulisho chake. Akaisoma namba, akasema kwa sauti kwamba tangazo limekosewa, huyu ni mtu mwema, alimhudumia vizuri kuliko hata sisi wa madirishani. Mama mkwe, aliyekuwa bado kwenye benchi, alinitazama mpaka nikaenda kunywa maji.

Kiti amepewa Dirisha la Pili. Iliniuma, siwezi kuficha. Mama mkwe ameombwa awe anakuja kila Ijumaa kuwaonyesha wateja alivyomjibu tapeli. Yeye akaomba niigize tapeli mimi, eti sauti yangu inafaa. Meneja amekubali. Kumbe nina kipaji!

Njiani kurudi alinishika mkono, akasema hajamwambia mtu yeyote. Kisha akataja taa ya chumbani kwake, ambayo nimeahidi kuitengeneza tangu alipohamia. Nimeitengeneza jioni hii.

Jumapili, 12 Mei

Mke wangu amehamishia akiba yetu kwenye akaunti ya mama yake. Anasema ni kwa usalama. Nimecheka. Usalama gani tena, na mimi nimo humu ndani?

Jumatatu, 13 Mei

Nilijua tu! Nikiwa nakunywa chai, ujumbe umeingia kutoka makao makuu. Wamesikia habari zangu. Nimeteuliwa mwalimu wa wateja wa matawi yote, pamoja na ofisi na kiti. Nibonyeze linki, nijaze namba ya kadi na namba ya siri ili waandae mshahara mpya, na nisimwambie mtu kwanza. Namba iliyotuma siifahamu, lakini wakubwa hawatumii namba za kila mtu.

Nimejaza. Mara ukaingia ujumbe wa pili, huu kwa namba ya kawaida ya benki, wenye namba za kuthibitisha ambazo makao makuu walisema niwatumie. Chini yake imeandikwa: Namba hii ni yako peke yako, usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka benki.

Macho yamelowa kwa furaha. Sentensi yangu! Hawajabadilisha hata neno.

Mama mkwe ameuliza kutoka chumbani, chini ya taa niliyomtengenezea, ni nani ananiandikia asubuhi yote hii. Nimemwambia ni mambo ya kitaalamu, apumzishe macho. Kisha nikawatumia zile namba.